Mwenyekiti na Silanga ya Akina Mama

Siku ya kwanza nilipomsikia dada yangu akimwita mumewe Mwenyekiti wakiwa mezani, nilidhani anamtania. "Mwenyekiti, nikuongezee muthokoi?" Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Watoto walikuwa wameinamia sahani zao, na yeye akasogeza yake bila kuinua uso, kama afisa anayepokea faili. Tangu siku ile nami nilimwita hivyo, na hapa nitaendelea kumwita hivyo. Jina alilopewa na mama yake alilitupa mwenyewe, na sioni kwa nini mimi nihangaike kumwokotea.

Alikuwa mwenyekiti wa nini? Wa kila kitu kilichokuwa na mkutano. Kamati ya shule, baraza la wazee wa kanisa, josho la ng'ombe, ushirika wa pamba, tawi la chama pale Mbumbuni. Akina mama walipoanzisha kikundi cha kufuga kuku, wiki iliyofuata alikuwa mlezi wao, ingawa hakuwahi kumshika kuku ambaye hajapikwa. Waliomchagua hawakumpenda, walichoka tu. Alikuwa na mbinu yake. Angesimama kumpendekeza mtu mwingine, kwa maneno marefu na ya unyonge, akieleza jinsi yeye alivyo mzee na asiyefaa, mpaka yule aliyependekezwa aone haya na kumrudishia cheo. Hapo angeshika kifua na kusema, "Mimi sitaki kitu. Mimi natakwa." Nilimsikia akisema hivyo kanisani, sokoni, na siku moja kwenye harusi ambako alikuwa amejialika.

Alikuwa na kiti chake, cha kukunja, cha turubai la kijani, kilichobebwa nyuma yake na kibarua wa shamba. Hakukalia benchi. Akifika kwenye matanga, kibarua alitangulia kukifungua kile kiti mbele kabisa, karibu na wafiwa, na mchungaji alilazimika kunyamaza mpaka Mwenyekiti amalize kukaa. Alivaa pia miwani ya kusomea, lakini aliivaa akitembea. Akipewa karatasi asome, aliivua.

Sitaki nionekane simtendei haki. Mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, watu walipokuwa wakila mizizi, ni yeye aliyefunga safari hadi kwa mkuu wa wilaya na kukaa nje ya ofisi mpaka lori likatolewa. Bila yeye, wazee kadhaa pale kwetu wasingeiona mvua ya mwaka uliofuata. Hilo ni kweli na nimelisema. Ni kweli vilevile kwamba mahindi yalipofika aliyafungia katika ghala la ushirika, akawaacha watu juani tangu asubuhi hadi alipomaliza chai yake, kisha akatoka na kuwataka kwanza wapige makofi. Wenye njaa walipiga makofi. Alisimama mlangoni akiyasikiliza, na uso wake siku hiyo ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona akimtazama dada yangu.

Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, ya kwanza upande ule. Orofa ya juu haikuisha kamwe. Haikuwa na madirisha wala mlango, popo waliingia na kutoka watakavyo, na ngazi zake zilikuwa za mbao zilizokatwa vibaya. Dada alimsihi amalize jiko kwanza, maana mvua ilikuwa ikimpigia kwenye sufuria. Yeye alipanda juu kila jioni na darubini aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama, akatazama soko: nani anaongea na nani, nani ameingia dukani kwa nani. Wakati wa chakula alitueleza alichokiona, na kila alichokiona kilikuwa njama. Watu wawili wakisalimiana, wanamsema. Wasiposalimiana, wanaficha urafiki wao. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiteremke akasalimiane nao. Aliniambia, "Wewe shemeji ni mwalimu, fundisha. Hii mambo ya uongozi huwezi kuelewa." Nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Kitui, na kwake nilikuja likizoni tu, kwa ajili ya dada. Yeye alidhani nakuja kumtazama.

Kanisani aliomba kwa sauti ya kutikisa mabati, na mabati yenyewe alikuwa ameyatoa yeye. Alipenda hasa kuombea mambo ya giza yaondoke katika lokesheni: waganga, hirizi, na kile kithitu ambacho wazee bado walikipiga upande wa Kitui. Kwa asiyekijua, kithitu ni kifurushi cha zamani, ngozi na pembe na vitu visivyotajwa, ambacho hakuna anayekigusa kwa mkono. Mwenye kesi hukipiga kwa kijiti huku akiapa, na akiapa uongo, basi kinamla yeye na watu wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo watu wanavyoamini, na wengi wao ni waumini wazuri wanaotoa sadaka kila Jumapili. Mwenyekiti aliwakemea kwa sababu hiyo. Aliwaita watu wa nyuma.

Sasa nifike kwenye silanga.

Silanga ni bwawa la kukinga maji ya mvua. Akina mama wa upande wa chini walilichimba wenyewe, kwa majembe na karai. Walikuwa na mwethya wao, yaani kikundi cha kazi cha zamu: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu. Kiwanja walipewa na mjane mmoja miongoni mwao, kwa mdomo tu, maana nani aandikishiane na wenzake wa mwethya? Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alichimba akiwa na mimba ya Mutua, kitinda mimba wake, na nilimwambia ataumia, akaniambia kwamba mtoto huyu hatatumwa mtoni kama walivyotumwa wengine.

Ardhi ilipokuja kupimwa, mwenyekiti wa kamati ya mipaka alikuwa nani? Silanga ikaishia ndani ya shamba lake. Akina mama walikuwa pale pale wakijaza mapipa yao wakati kibarua wa Mwenyekiti anapanda mkonge wa mpaka upande wa pili wa maji. Waliona, wakafunga mapipa juu ya punda, wakaenda. Pale kwetu mtu hasemi jambo kama hilo mbele ya mwenyewe. Anakwenda nalo nyumbani.

Lingebaki nyumbani, kama Mwenyekiti asingetaka udiwani. Ilikuwa miaka ile ya kupiga kura kwa kupanga mstari, kila mtu nyuma ya anayemtaka, mchana, mbele ya macho ya wote. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyejua hata kugombana. Huyo alisimama siku ya soko akauliza kitu kimoja: silanga ni ya nani? Mwenyekiti alirudi nyumbani akapanda kwenye orofa yake na hakuteremka kula.

Alipoteremka alikuwa na mpango. Yule mtu aliyeombea kithitu kiondoke katika nchi alichukua pikapu yake akaenda mpaka ng'ambo ya Zombe, akarudi na mzee mwembamba aliyekaa nyuma pamoja na kifurushi chake. Mchungaji alialikwa. Akasema ana mkutano mahali pengine.

Nilikuwepo. Watu walijaa kando ya silanga, na mzee wa Zombe akakiweka kile kitu chini na kuuliza nani anaapa. Mwenyekiti akavua kofia. Alichukua kijiti na kupiga, akasema kwa sauti ile ile ya kanisani, "Hii silanga ni ya akina mama. Mimi sijaiandikisha kwa jina langu. Kama nasema uongo, kithitu hiki kinile mimi na watu wa nyumba yangu." Dada alikuwa amesimama karibu yangu. Alinishika mkono. Kisha Mwenyekiti akanyoosha kijiti kwa akina mama: anayebisha aje apige. Hakuna aliyekwenda. Walijua ukweli, lakini mama mwenye akili hawaweki watoto wake juu ya kithitu hata akiwa na haki.

Ndani ya pikapu alicheka hadi akakohoa. "Umeona, shemeji? Imekwisha. Wanaogopa ngozi na mifupa."

Huyo ndiye mtu aliyejiita kiongozi wa Wakamba. Mtoto yeyote anayechunga mbuzi angemweleza alipokosea. Kithitu kikipigwa, kesi haijaisha. Ndiyo kwanza watu wanaanza kungoja waone nani atakufa, na wakati wakingoja hawaingii katika nyumba ya aliyeapa. Hawaombi moto kwake, hawanywi maji yake, hawagusi mgonjwa wake, wasije wakahesabiwa pamoja naye. Yeye hakuamini kithitu, na kwa kuwa hakuamini alidhani ni chombo cha kuwatisha wengine. Hakufikiria kwamba amekitega mlangoni kwake.

Wiki hiyo hiyo majirani walianza kumwita dada wakiwa njiani, nje ya lango. Zamu yake ya mwethya ilipofika hakuna jembe lililokuja, baada ya yeye kuchimba kwa wote. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye na mwanawe tu. Mutua, ambaye sasa alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mrefu, mpenda mpira, alikuta timu yake imejaa. Hakuna aliyemtukana mtu. Walisalimia vizuri sana, kwa mbali.

Dawa ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Aliyeapa uongo anaweza kukiri mbele ya wazee na wale aliowakosea, anatoa mbuzi, mwenye kithitu anaitwa kukifungua, na watu wanarudi. Dada alimwomba hivyo mbele yangu, mezani, na kwa mara ya kwanza hakumwita Mwenyekiti. Alimwita Baba Mutua.

"Sema tu ukweli, Baba Mutua. Wachinje mbuzi, watu warudi kwangu."

"Baada ya uchaguzi."

"Na mtu akiugua kabla?"

"Nani augue? Kumbe wewe pia unaamini hiyo kitu? Wewe mama wa kanisa?"

"Mimi siamini," dada alisema. "Majirani wanaamini, na mimi naishi na majirani."

Alimwambia hajui siasa. Akisema leo kwamba aliapa uongo, nani atasimama nyuma yake? Akishapata udiwani atakiri, atatoa hata fahali, watu watakula washibe. Aliongea vizuri, nakubali. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu ajione mjinga kwa kutaka kitu cha kawaida. Dada aliondoa sahani.

Mutua alianza homa siku mbili hivi kabla ya kura. Tulimpa dawa za dukani. Asubuhi ya kura aliamka hamtambui hata mama yake, anaongea na watu wasiokuwepo, na shingo imekakamaa. Pikapu ilikuwa imekwenda kubeba wapiga kura tangu alfajiri. Dada alibaki anamkanda kwa maji, nami nikakimbia hadi uwanja wa shule.

Mistari ilikuwa tayari. Mwenyekiti alikuwa mbele ya mstari wake, kofia mkononi, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Nilimwambia mtoto anakufa, nipe gari. Hakugeuza hata shingo. Alisema kwa pembe ya mdomo, polepole, watu wasisikie: "Gari iko kwa kazi, inaleta watu wa mwisho. Na mimi nikitoka hapa mbele, shemeji, mstari utavunjika."

Nilimwambia tena. Akasema, "Nikimaliza hapa nakuja." Hapo nilimdharau kwa namna ambayo haijaniisha hadi leo, na sitaki iniishe.

Niliporudi nilipita nyumba hadi nyumba nikiomba msaada. Wa mwisho alikuwa yule yule mjane aliyetoa kiwanja cha silanga. Alinisikiliza, akafunga punda kwenye mkokoteni wake, akaja nao hadi langoni, na pale akasimama. "Mimi siwezi kuingia hapo, mwalimu. Nina watoto. Lakini mchukueni punda, hata msipomrudisha." Alikuwa analia. Tukambeba Mutua sisi wawili, dada kichwani na mimi miguuni, kijana aliyetushinda sote kwa urefu. Tulipofika zahanati muuguzi alimtazama na kutuambia tumechelewa, na kwamba angeletwa asubuhi angepelekwa hospitali kubwa. Alikufa tukiwa bado tunaongea na muuguzi.

Sasa sikiliza kilichotokea uwanjani, kwa maana bila hilo humjui huyu mtu. Mstari wa yule mwalimu mstaafu ulikuwa mrefu zaidi, ulizunguka hadi nyuma ya vyoo vya shule. Kila mwenye macho aliuona. Lakini msimamizi alitazama mistari yote miwili, akatangaza kwamba Mwenyekiti ameshinda. Ilikuwa imekwisha kupangwa kabla watu hawajaamka. Angeweza kutoka pale mbele. Angeweza kutoka, akaendesha gari, akampeleka mwanawe, akalala huko hospitali, na bado angetangazwa. Nadhani alilijua hilo. Alitaka tu kuwepo likitangazwa.

Hakuna aliyekuja kuchimba kaburi. Pale kwetu kaburi huchimbwa na majirani na hakuna anayeombwa, wanakuja tu na majembe yao. Mheshimiwa diwani mpya aliita vibarua kutoka mbali, watu wasiojua habari, na alisimama kando yao akiwaelekeza jinsi ya kunyoosha pembe. Kwenye hotuba yake alisema kijana huyu amejitoa kwa ajili ya maendeleo. Sikungoja amalize. Nilimshika dada tukaondoka pale kaburini, na kabla msimu haujaisha ndugu zetu walimrudishia Mwenyekiti mbuzi wa kukataa ndoa, kama desturi inavyotaka. Dada akahamia kwangu Kitui. Mabinti zake wakubwa walikuwa wameolewa, hakuwa na wa kumwacha.

Yaliyofuata niliyasikia tu. Silanga aliizungushia waya, akina mama wakaacha kuja. Waliacha pia kuizoa matope, na silanga isipozolewa inajaa. Akina mama walifukua maji kwenye mchanga wa mto, mbali, wakiona hiyo ni afadhali. Diwani aliitisha mikutano ikahudhuriwa na askari na kibarua. Kikundi kikianzishwa, kilikutana bila kumwambia. Popo wakateremka kutoka orofa ya juu hadi ya chini.

Alikuja kwangu miaka michache baadaye, mara vyama vingi viliporuhusiwa na kura ikarudi kwenye sanduku. Ilikuwa Jumamosi mchana, nilikuwa nasahihisha madaftari. Alikuwa amekonda, koti limemzidi, lakini alibisha hodi kama mtu anayekagua. Dada alitoka jikoni akamwona. Alimpa kiti na chai, na alisubiri.

Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza, lakini maneno ya kwanza ya Mwenyekiti yalinizuia. Alisema amekuja kukiri. Silanga aliiandikisha kwa jina lake, aliapa uongo, na sasa anataka kuyasema yote hadharani, kwa akina mama wote, mbele ya mzee wa Zombe. Mbuzi yuko tayari. Dada aliweka kikombe chake chini. Miaka yote ile niliyoishi naye, alikuwa amelala na kuamka akingoja hilo na hakuwahi kulitaja.

Kisha Mwenyekiti akaendelea. Amejiunga na chama kipya. Wananchi siku hizi wanapenda kiongozi mnyenyekevu. Siku hiyo ya kukiri itakuwa na vipaza sauti na kwaya, na mgombea wa ubunge mwenyewe atakuwepo. Kilichobaki ni mke. Watu wakimwona jukwaani na mama wa marehemu amesimama kando yake, hakuna atakayebaki na neno.

Nilitaka kusema kitu. Dada aliniinulia mkono ninyamaze. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Sawa," alisema. "Anza sasa. Sema hapa, sisi tukiwa tunasikia. Sema ulimfanyia nini Mutua. Ukisema, nitakuja huko jukwaani."

Mwenyekiti alishika kifua, akasafisha koo, akainuka nusu. Halafu akatazama chumba changu: meza, madaftari, mimi, dada, mlango uliofungwa. Akakaa tena. Hakuona aibu, naapa. Alionekana tu kushangaa, kama mtu aliyeombwa kitu kisichowezekana.

"Hapa?" aliuliza. "Lakini hapa hakuna watu."